Chungwa Mitaani: Miaka Ishirini ya ODM Eastlands

Mnamo Novemba 21, 2005 Wakenya walipiga kura ya maoni kuhusu rasimu ya katiba iliyobeba jina la Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Amos Wako. Tume ya Uchaguzi ilikuwa imegawa alama mbili za matunda ili hata asiyejua kusoma asipotee kwenye karatasi ya kura: ndizi kwa wanaokubali, chungwa kwa wanaokataa. Chungwa lilipata takriban asilimia 58. Kati ya mikoa minane, ni Mkoa wa Kati pekee uliochagua ndizi. Siku mbili baadaye Rais Mwai Kibaki alivunja baraza la mawaziri, na alipoliunda upya, mawaziri waliokuwa wameongoza kampeni ya kukataa walijikuta nje ya serikali. Mikononi mwao walibaki na kitu kimoja cha thamani: alama ambayo kila mpiga kura nchini aliijua. Kwa alama hiyo wakaunda Orange Democratic Movement, ODM.

Chama hiki basi kilizaliwa siku ya ushindi, kisha kikaishi miaka ishirini kikishindwa. Mara nne mgombea wake wa urais, Raila Odinga, alitangazwa kuwa ameshindwa: 2007, 2013, 2017 na 2022. Hesabu moja inaniuma kila ninapoirudia. Mwaka 2007 tofauti iliyotangazwa kati yake na Kibaki ilikuwa kura 231,728. Mwaka 2022 tofauti kati yake na William Ruto ilikuwa kura 233,211. Kati ya chaguzi hizo mbili kilipita kizazi kizima cha wapiga kura, katiba ikabadilika, tume ya uchaguzi ikabadilika, na bado pengo likawa karibu lile lile.

Historia ya ODM huandikwa kutoka jukwaani: nani alisimama na nani, nani alihama, nani alirudi akaomba msamaha. Mimi naiandika kutoka mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, yaani Kaloleni, Makongeni, Jericho, Umoja, Dandora na Mathare, kwa sababu huko ndiko chama kilikookotwa na kuinuliwa kila kilipoanguka, na watu waliofanya kazi hiyo hawajawahi kushukuriwa inavyostahili.

Siasa za mitaa hii zina umri mkubwa kuliko chama chochote kinachoishi leo. Aprili 23, 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama kwenye mkutano wa pamoja wa Kenya African Union (KAU) na chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki akadai uhuru kamili wa nchi hizi, wakati ambapo wengi waliona kutamka hivyo hadharani ni wazimu. Wiki tatu baadaye alikuwa amekamatwa. Hata majina ya nyumba za manispaa yanasimulia siasa: Mbotela ni kumbukumbu ya Tom Mbotela, makamu wa rais wa KAU aliyeuawa 1952, na Ofafa ni ya diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa pia wakati wa hali ya hatari.

Somo la kwanza la kujenga chama mtaani lilitoka kwa Tom Mboya. Machi 1957 alimshinda wakili C.M.G. Argwings-Kodhek katika kinyang'anyiro cha kiti cha Nairobi, katika uchaguzi wa kwanza ulioruhusu Waafrika kuchagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Serikali ya kikoloni ilikuwa imepiga marufuku vyama vya kitaifa vya Waafrika ikiruhusu vya wilaya tu. Mboya akaunda Nairobi People's Convention Party na kukijenga kwa nidhamu aliyojifunza kwenye vyama vya wafanyakazi: matawi mitaani, kitengo cha vijana, kitengo cha akina mama, kadi, ada, na gazeti lililoitwa Uhuru. Machi 1959 polisi walivamia nyumba za viongozi wake na gazeti likafungwa. Chama hakikufa, kwa sababu kilikuwa na watu waliojuana nyumba kwa nyumba. KANU ilipoundwa mwaka 1960 mashine hiyo ndiyo iliyoibeba Nairobi.

Somo la pili lilikuwa la uchungu. Mkutano wa Saba Saba wa 1990 na mkutano uliopigwa marufuku wa Novemba 16, 1991, yote miwili katika uwanja wa Kamukunji, ilifungua mlango wa vyama vingi. FORD, iliyoongoza madai hayo, ilikuwa na nchi nzima mkononi. Kabla ya uchaguzi ikapasuka vipande viwili, FORD-Kenya na FORD-Asili, na Desemba 1992 Daniel arap Moi akarudi ikulu kwa asilimia 36 tu ya kura. Wazee wa Shauri Moyo na Bahati walioishi wakati huo hawajasahau kwamba waliomwaga jasho Kamukunji hawakuulizwa lolote kuhusu mgawanyiko huo.

Basi ODM ilipofika mitaani 2005 haikukuta uwanja mtupu. Ilikuta watu waliopitia FORD, wengine wakapitia NDP ya trekta, wakaingia LDP, wakaipigia NARC kura 2002, na waliokuwa tayari wanajua maana ya kuhama jina la chama bila kuhama imani. Hata jina lenyewe halikupatikana kwa urahisi, maana wakili mmoja alikuwa ameshalisajili, na wakubwa wakaanza na ODM-Kenya. Agosti 2007 wakatengana: Kalonzo Musyoka akabaki na ODM-Kenya, wengine wakaenda ODM. Septemba 1, Kasarani, Raila akawashinda Musalia Mudavadi na William Ruto katika uteuzi wa chama.

Yaliyofuata Desemba 2007 yanajulikana. Bungeni ODM ilikuwa chama kikubwa zaidi, ikiwa na viti 99. Ikulu ilibaki kwa Kibaki. Katika ghasia zilizofuata, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na sehemu ya damu hiyo ilimwagika Mathare, Huruma, Dandora na Kariobangi. Wapo waliouawa na polisi, na wapo waliouawa na majirani. Katika Mathare familia zilihama kutoka upande mmoja wa bonde hadi mwingine kulingana na lugha ya nyumbani kwao. Historia ya chama isiyosema haya ni ya uongo. Uaminifu kwa chama, uliopaswa kuwa uaminifu kwa wazo na kwa wenzako, uligeuka mitaani kuwa uaminifu wa kabila, na ODM ina sehemu yake ya lawama sawa na wapinzani wake.

Januari 29, 2008, wiki mbili tu baada ya kuapishwa, Mbunge wa Embakasi Melitus Mugabe Were alipigwa risasi nje ya nyumba yake Woodley. Embakasi wakati huo lilikuwa eneobunge moja kubwa mno, kutoka Dandora hadi Utawala, na kiti hicho kilikuwa kimeipa ODM fahari kubwa Eastlands. Juni 11 ulifanyika uchaguzi mdogo. Ferdinand Waititu wa PNU, chama cha Kibaki, akashinda. Mtu aliyeuawa hakupata hata heshima ya kurithiwa na chama chake.

Kisha anguko likaendelea. Makadara, iliyokuwa na kesi ya uchaguzi wa 2007, ilirudi debeni Septemba 20, 2010. Reuben Ndolo wa ODM aliitaka tena, lakini aliyeibuka ni kijana mwenye fedha na makeke, Mike Mbuvi Sonko, kwa tiketi ya Narc-Kenya. Siku hiyo hiyo Margaret Wanjiru alitetea kiti cha Starehe, iliyokuwa bado na Mathare ndani yake, na huo ndio uliokuwa ushindi pekee wa kufuta machozi. Agosti 2011 uchaguzi mdogo wa Kamukunji ukaenda kwa Yusuf Hassan wa PNU. Katika miaka mitatu na nusu chama kilichokuwa nusu ya serikali, kikiwa na waziri mkuu na mawaziri, kilishindwa Embakasi, Makadara na Kamukunji.

Kwa nini? Maelezo ya haraka ni fedha za wapinzani. Mimi siyakubali peke yake. Chama kilipoingia serikalini baada ya mkataba wa kugawana madaraka na Kibaki wa Februari 28, 2008, viongozi wake walihamia ofisini na matawi yakaachwa yajitegemee. Mtaa hauna subira na chama kinachokuja wakati wa kura tu. Sonko alielewa hilo kabla ya wengi: alikuja kwenye mazishi, alituma magari ya kubeba maiti, alilipa bili. Tunaweza kusema alinunua watu, lakini aliwanunua kwa sarafu ambayo matawi ya ODM yalikuwa yameacha kuitumia.

Nisimame kidogo kwenye jambo hili la mazishi, maana ndilo kiini cha historia nzima. Mtu akifa Makongeni au Jericho, jioni huanza mikutano ya kuchanga. Kunakuwa na mwenyekiti, mweka hazina, kitabu cha majina, na bajeti ya jeneza, basi na chakula hadi Siaya, Busia, Vihiga au Kitui. Wanaoendesha mikutano hiyo ndio wale wale utakaowakuta wakiwa mawakala siku ya kura, kwa sababu ndio mtaa unaowaamini na pesa na majina. Mwanasiasa hupita akaacha bahasha na kuondoka. Wao hubaki mpaka usiku wakihesabu noti za shilingi hamsini. Chama kinaposhindwa uchaguzi, ofisi hufungwa, fulana huisha rangi, bendera huliwa na jua. Kamati ya mazishi haifungwi. ODM iliishi Eastlands baada ya 2010 kwa sababu watu wake walikuwa tayari wana sababu nyingine ya kukutana.

Katiba mpya ya Agosti 27, 2010 iliwapa sababu ya pili, na nadhani ndiyo iliyookoa chama. Nairobi ilitoka maeneobunge 8 ikawa na 17. Embakasi ikagawanywa mara tano, Mathare ikatengwa na Starehe. Kukawa na wadi 85 na bunge la kaunti. Sasa hata ukishindwa urais, bado kuna diwani wa kumtetea, basari ya kugawa, soko na bomba la majitaka la kulilia. Machi 4, 2013 ODM, ndani ya muungano wa CORD, ilishindwa urais. Uhuru Kenyatta alivuka nusu ya kura kwa kura zisizofika elfu kumi, na Machi 30 Mahakama ya Juu ikathibitisha. Lakini Evans Kidero wa ODM akawa gavana wa kwanza wa Nairobi, akimshinda Waititu yule yule wa Embakasi. Embakasi Mashariki na Embakasi Kusini zikachagua wabunge wa ODM. Makadara bado ilikuwa nje.

Chama kikaendelea pia kujidhuru chenyewe. Februari 28, 2014, Kasarani, wajumbe walikuwa wamefika kuchagua viongozi wa kitaifa. Wanaume waliovaa suti nyeusi wakaingia, wakapindua masanduku ya kura na meza, na uchaguzi ukavunjika mbele ya kamera. Kwa msichana wa tawi aliyefundishwa kwamba chama chake kinapigania kura ya haki, hakuna propaganda ya mpinzani ambayo ingeweza kumuumiza zaidi. Michujo ya 2013 na 2017 nayo ilijaa fujo, masanduku yaliyochelewa na vyeti vilivyobishaniwa, na kila mara kuna mtu aliyefanya kazi miaka mitano mtaani akajikuta jina limepewa mwingine. Wengi wa hao walibaki. Walimeza mate, wakavaa fulana ya aliyewanyang'anya, wakapiga kampeni. Huo ni uaminifu ambao chama hakikuustahili.

Matunda yalionekana Agosti 8, 2017. George Aladwa, aliyewahi kuwa meya wa jiji, aliishindia ODM kiti cha Makadara. Babu Owino alishinda Embakasi Mashariki. Anthony Oluoch alishinda Mathare. Ugavana lakini ulipotea: Sonko alimwangusha Kidero, na hapo chama kilijifunza kwamba kutawala nako ni mtihani, na aliyepewa jiji anaulizwa habari za takataka na maji. Miaka saba ilipita kati ya kushindwa Makadara na kuishinda. Anayeota kujenga chama kwa mikutano ya hadhara miezi sita kabla ya kura na aitazame hesabu hiyo.

Mwaka huo huo ulileta msiba mwingine. Baada ya matokeo ya urais kutangazwa, polisi waliingia Mathare, na mtoto wa kike akauawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Septemba 1 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Afrika. ODM na washirika wake wa muungano wa NASA wakasusia marudio ya Oktoba 26. Vijana wa Jacaranda, ule uwanja wa Embakasi uliogeuka bunge lao la kila siku, walifukuzwa na vitoa machozi siku ya kuapishwa kwa Uhuru, Novemba 28. Januari 30, 2018 wengi wao walikuwa Uhuru Park Raila alipokula kiapo chake mwenyewe. Machi 9 akashikana mikono na Uhuru kwenye ngazi za Jumba la Harambee. Hakuna tawi lililoulizwa, si kuhusu kiapo wala kuhusu mkono. Wafuasi walielezwa baadaye, wakaelewa, au wakajilazimisha kuelewa.

Agosti 9, 2022 Eastlands ilisimama tena. Aladwa, Owino na Oluoch walitetea viti vyao, Edwin Sifuna akawa seneta wa Nairobi, Esther Passaris akarudi kama mwakilishi wa wanawake. Nairobi ilimpa Raila kura nyingi kuliko Ruto. Ugavana ulienda kwa Johnson Sakaja wa UDA, chama cha Ruto, na urais ukaenda tulivyokwisha kuona, kwa zile kura 233,211. Septemba 5 mahakama ikafunga kitabu. Machi 20, 2023 maandamano ya Jumatatu yakaanza, sufuria vichwani kwa sababu ya bei ya unga.

Mimi naamini mwaka 2022 ulionyesha wazi upungufu wa miaka yote. Siku ya kura chama ni wakala mmoja aliyekaa kituoni tangu alfajiri, anayejua kusoma Fomu 34A, anayehesabu pamoja na msimamizi, anayekataa kutia sahihi pasipo haki na anayeandika sababu. Eastlands ina watu hao kwa sababu mtaa uliwalea. Kote ambako chama hakikuwa na tawi linaloishi katikati ya chaguzi, hakikuweza kukodi wakala wa namna hiyo kwa posho ya siku moja. Yaliyokuwa na deni la uaminifu ni makao makuu, si mtaa.

Mtihani wa mwisho wa miaka hii ishirini haukuletwa na debe. Juni 2024 vijana wasio na chama chochote walijaza barabara za jiji kupinga mswada wa fedha, na watoto wa wanachama wa ODM kutoka Umoja na Kayole walikuwa kati yao. Miezi miwili baadaye John Mbadi, Hassan Joho, Wycliffe Oparanya na Opiyo Wandayi wa ODM walikuwa mawaziri katika serikali ya Ruto, na Machi 7, 2025 Raila na Ruto walitia sahihi makubaliano ya kushirikiana. Nyumba nyingi za Eastlands zilikula chakula cha jioni zikiwa zimegawanyika, mzazi akitetea hekima ya Baba, yaani Raila, mtoto akihesabu rafiki zake waliopigwa risasi. Mimi niko upande wa mtoto katika jambo moja: chama kinachotaka uaminifu hakina budi kuuliza kabla ya kuamua.

Oktoba 15, 2025 Raila Odinga alifariki India akiwa na umri wa miaka 80. Siku iliyofuata watu walijaa Kasarani kumtazama, polisi wakafyatua risasi, na baadhi ya waombolezaji wakafa. Alizikwa Bondo Oktoba 19. Kaka yake, Oburu Oginga, alipewa kuongoza chama, na mwezi uliofuata ODM ikaadhimisha miaka ishirini mjini Mombasa. Mombasa ni ngome ya chama na inastahili heshima, ila ukumbi wa Kaloleni nao ulistahili.

Kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwake ODM haina mtu ambaye jina lake lilitosha kujaza uwanja. Uaminifu uliokuwa kwa mtu ama utahamia kwa chama ama utatawanyika, na kuhamisha uaminifu ni kazi ya matawi. Ibara ya 91 ya Katiba inavitaka vyama vyote vifanye uchaguzi wa ndani ulio huru na wa mara kwa mara. Sajili za wanachama nazo zina aibu yake: mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Chama hakiwezi kujengwa juu ya majina ya kuazima.

Uchaguzi mkuu unaofuata ni Agosti 10, 2027. Kabla ya siku hiyo ODM ifanye uchaguzi wa matawi kwa kura ya siri katika kila wadi ya Eastlands, isafishe sajili yake, na iandike katika kitabu kimoja majina ya wana wa mitaa hii waliouawa 2008, 2017, 2023 na 2025 wakiwa njiani kwa ajili yake. Na ninyi wanachama wa Makongeni, wa Huruma, wa Kayole: msingoje mgeni kutoka makao makuu. Itisheni mkutano wa tawi mwezi huu, muulize nani ana kitabu cha majina, na mkidai.